Bastola ya Mahari

Na ile nafasi ya tatu kabatini, Baba, ambayo hukukubali iwekwe kitu kingine, sasa imejaa. Nilitaka kukwambia mapema lakini furaha imenishika mikono. Nimeolewa, Baba. Wiki ya sita hii. Mume wangu anaitwa Salim, anaendesha basi hapa Wembley, na akicheka hujifunika mdomo kama mtoto aliyeiba sukari. Ningekuandikia kurasa kumi juu ya kicheko chake tu, lakini wewe hukupenda maneno mengi, basi nije kwenye bastola.

Ni ile ya kale ya ofisa wa wapanda farasi, yenye shaba kitakoni, uliyomuuzia mzee wa Stanmore ili Mama apate tiketi ya kwenda kumzika Bibi Unguja. Hukulalamika. Uliipaka mafuta, ukaifunga, ukaniambia, "Wenzangu wananunua dhahabu. Mimi nilinunua chuma kisichotengenezwa tena, na leo kimenifaa." Lakini nilikuwa nakuona ukiitazama ile nafasi tupu.

Salim aliponiuliza nataka mahari gani, nikasema hiyo. Akadhani namtania. Alipojua simtanii, akawa anakwenda Stanmore kila siku yake ya mapumziko kumbembeleza yule mzee, miezi minne, mpaka mzee akamwambia, "Umeninywea chai ya mwaka mzima. Ichukue uende zako."

Siku ya ndoa shehe alipofika kwenye mahari alivua miwani. "Bastola?" Mjomba Hamadi akamweleza kuwa ni ya kale, haipigi, na sheria ya hapa inaihesabu pambo. Shehe akamtazama Salim kwa huruma. "Bwana, unampa mkeo silaha kwa mkono wako mwenyewe?" Msikiti mzima ulicheka.

Kisha nikafungua sanduku, Baba, na bastola ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya.

Salim alikuwa ameisugua siku tatu, kwa waya wa vyombo na dawa ya shaba, ili imfae bibi arusi. Ule weusi wa chuma, uliokuwa ukiuita ngozi yake, umechunwa wote. Alama ya kikosi imebaki kivuli. Na mimi ndiye uliyenifundisha nikiwa na miaka kumi, glavu zako zikinipwaya: "Vumbi futa, mafuta paka, weusi uache. Anayesugua anafuta miaka, na mnunuzi analipia miaka." Nikainua macho nikamwona Salim ananisubiri, vidole vimechubuka kwa waya. Nikasema ni nzuri. Na kwa macho yangu ya siku ile, ilikuwa nzuri kweli.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini alikuwa na fahari nayo, akataka kuipeleka kwenye maonyesho ya silaha za kale, pale mlipozoea kukutana wewe na wenzako, akamwonyeshe rafiki yako Bwana Kanti wa Kingsbury. Wiki nzima nilipanga kumwambia. Kila jioni alirudi na kitu mkononi, mara maandazi, mara maua ya kituo cha petroli, na ulimi wangu ukajikunja. Jumamosi ikafika.

Bwana Kanti alivaa glavu, akaigeuza mara moja tu. Wazee wote mezani wakasogea.

"Nani kaisugua hii?"

Salim alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameshafungua mdomo ajibu. Nikamuwahi. "Mimi."

"Wewe? Binti yake yule?" Akaiweka chini taratibu, kama anamlaza mgonjwa. "Baba yako alikufundisha mbele ya macho yangu. Si ungeitia kwenye mashine ya kufulia tu, tujue moja." Wenzake wakacheka. Akasema thamani yake imepungua zaidi ya nusu. Niliinamisha kichwa, lakini nilimwona Salim tabasamu likimtoka kidogo kidogo.

Kwenye treni Salim alinigeukia.

"Ulijua tangu siku ya harusi."

"Nilijua."

"Na ukasema nzuri."

"Ilikuwa nzuri."

Akaushika mkono wangu. "Aibu yangu mimi, umeivaa wewe, mbele ya rafiki za baba yako." Tulipofika nyumbani, hata koti hakuvua, akampigia Bwana Kanti akamwambia ukweli. Bwana Kanti akamjibu, "Basi njoo Jumapili ujifunze kupaka mafuta. Kusugua umeshahitimu." Sasa huenda kila Jumapili, na amepewa glavu zake.

Nisamehe, Baba. Siku ile wenzako walidhani binti yako amesahau ulichomfundisha. Sikusahau. Nilikuwa na bastola yako na mume wangu, vyote viwili mezani, nikachagua.

Haiuzwi tena, usiwe na wasiwasi. Bwana Kanti anasema weusi hurudi wenyewe ukiachwa, ila huchukua miaka arobaini, labda hamsini. Salim amesema tutausubiri pamoja. Sijapata kuambiwa neno tamu kuliko hilo.

Lala salama, Baba yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kaburini kwako, siku ya mapumziko ya Salim. Anataka kukuomba radhi mwenyewe, na tangu juzi namsikia bafuni akiyafanyia mazoezi maneno yake. Nimemwambia umeshamsamehe. Anasema atakuja hata hivyo.

Mwanao, Rukia