Pua ya Malkia, Poda ya Bibi Harusi

Jumapili, 7 Mei
Makumbusho yalifurika leo. Mtalii mmoja, mpole kabisa, akanieleza – mimi, mwongoza watalii! – kwamba waliochonga sanamu hizi za Mafarao si babu zangu. Eti sisi Wamisri wa leo tumekuja na Waarabu tu. Nikatabasamu, ndiyo kazi. Kutoka nje, dereva wa teksi: dada, unatoka Sudan? Kiarabu chako safi! Natoka Aswan, kusini mwa Misri hii hii, jamani! Mmoja ananinyang'anya babu, mwingine nchi. Nimefika nyumbani na hasira, nimelala bila kula.

Jumanne, 9 Mei
Mama Hazim, mama wa mchumba wangu, alikuja kazini na bakuli la majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali. Akanisimamisha kando ya sanamu ya malkia, akatoa simu.
"Geuka kidogo, mwanangu. Hivyo! Pua ile ile, midomo ile ile!"
Jioni kaiweka picha mtandaoni: mnaosema Wamisri hatuna asili, mtazameni mkaza mwanangu. Watu wameipenda kwa maelfu. Hazim kavimba kichwa. Na mimi pia, nisijidanganye.

Ijumaa, 12 Mei
Chakula kwao. Bata! Shangazi yake Hazim akauliza kama weusi wa jua la Aswan huwa hauoshiki. Meza nzima kicheko. Mama Hazim akamkata kauli, akaniongezea nyama.
Baadaye jikoni, mikono ikiwa kwenye povu, akaninong'oneza: ameshaongea na Lubna wa saluni. Siku ya harusi anipake poda ya weupe.
"Kidogo tu, mwanangu. Uso, shingo na mikono."
"Na ile picha ya makumbusho, mama?"
"Ile historia. Hii harusi, watu watakuja!"
Akanionyesha picha ya harusi yake mwenyewe. Mweupe kama unga! Sikumtambua. Alipakwa na mama mkwe wake, na usiku ule hakuna aliyemcheka.
"Sitaki wakuseme," akasema, machozi yakimlengalenga.
Nampenda huyu mama. Ndiyo maana inaniuma.

Jumatatu, 15 Mei
Nimemwambia Hazim. Eti nimfurahishe mama, ni usiku mmoja tu. Nikamuuliza: na picha za ukutani, nazo zitakaa usiku mmoja? Akajibu: nitaongea naye.
Hajaongea.

Alhamisi, 18 Mei
Leo ndiyo harusi, naandika chooni, saluni kwa Lubna. Nimetia komeo. Gauni nimelikusanya mapajani.
Nilikaa kitini nikafumba macho. Kidogo tu, nikajiambia. Lubna akaanza na upande wa kushoto. Nikafumbua. Kwenye kioo – huku mimi, huku bibi harusi wa ile picha ya jikoni. Nikainuka, nikakimbilia humu.
Mama Hazim yuko mlangoni. Hagongi kwa nguvu.
"Awatif, mwanangu. Nimekukosea?"
Analia. Nami nalia, poda inachuruzika hadi kidevuni. Siwezi kumchukia!
Honi! Magari ya bwana harusi yako chini, na ngoma zimeanza. Lubna anapiga kelele: uso bado nusu, jamani, nusu!
Mama Hazim kamnyamazisha. Sasa yuko karibu kabisa na mlango, namsikia akivuta kamasi.
"Niambie wewe. Amalizie, au afute?"
Mara ya kwanza mtu kuniuliza. Bomba nimeshalifungua, maji yanamwagika. Na Hazim huyo anapanda ngazi, anaita jina langu –