Nakala Niliyoifungua Kila Mwezi

Bweni la Wageni, Chumba 614,
Haizhu, Guangzhou.
14 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Loyce,

Shikamoo. Hamjambo huko Usangi? Magoti yanasemaje na mvua hizi za vuli? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimekonda kidogo, ila usimwambie Mama.

Wiki hii nilikiona cha mtema kuni. Maabara ninayoitunza ina kompyuta arobaini za wanafunzi, zisizoshikika kwa mkono, zote zikiishi ndani ya mashine tatu kubwa. Seva moja ndiyo inayozisimamia. Isipokuwapo, hakuna inayowaka. Jumanne umeme ulikatika, na uliporudi seva hiyo ilikuwa imekufa kabisa.

Muzdalifa, mwenzetu wa Zanzibar, anatetea tasnifu yake Jumatatu. Alinijia akilia: "Elinami, kazi yangu yote imo humo. Nifanyeje mie?" Profesa Liang akasema tumsubiri fundi wa nje, aje wiki ijayo aijenge upya. Nilikataa. Ubishi wangu unajua nimeurithi kwa nani.

Unakumbuka ulivyotulazimisha kila mwezi kumwaga mahindi yote ya ghalani tutafute fukusi? Ulisema akiba haiozi kwa anayeifungua. Nami nina nakala nzima ya ile seva, na kila mwezi huiwasha pembeni nione kama inafanya kazi. Wenzangu hunicheka. Septemba niliikuta mbovu, nikaitupa, nikatengeneza nyingine. Bila hivyo, wiki hii ningefungua gunia la unga wa fukusi.

Basi Jumatano nikairudisha. Mara ya kwanza iligoma, kwa sababu programu ya kurudishia ilikuwa ikiitafuta seva ile ile iliyokufa. Nikaielekeza moja kwa moja kwenye mashine kubwa, na saa tisa alasiri seva ikawaka. Nikahesabu kompyuta: thelathini na tisa. Ya Muzdalifa ilitengenezwa baada ya nakala kuchukuliwa, kwa hiyo seva haikuijua. Niliogopa, Shangazi, sikufichi. Nikapekua diski moja moja, nikaikuta salama, nikaiandikisha upya. Muzdalifa alipiga kigelegele hadi Profesa akatoka mbio ofisini.

Sasa mdogo wangu Agustino ananiambia kwamba tangu magoti yaanze kukuuma, ghala halijafunguliwa miezi mitatu. Nimekasirika. Jua likitoka tu, ayamwage mahindi yote uani, wewe ukae kwenye kiti umwelekeze. Jumapili nitapiga simu, na sitauliza hali kwanza. Nitauliza mmekuta nini.

Nisalimie Mama, Geofrey na Mjomba Wilbard. Mungu akulinde, akuimarishe magoti hadi nirudi.

Mwanao akupendaye, niliyekuwa nikinuna nikimwaga mahindi,
Elinami