Buti Ulizomwazima Jonas

Mdogo wangu mpendwa Elia,

Namba yako haipatikani tena, kwa hiyo naandika hapa mtandaoni wanaposoma watu wetu wote. Atakayeiona barua hii, awe Columbus au Louisville, nampigia magoti akuonyeshe. Sina njia nyingine iliyobaki.

Unakumbuka baridi yetu ya kwanza Marekani, hapa Buffalo? Mimi niliichungulia theluji dirishani kama mfungwa. Wewe ulitoka nje ukicheka. Sisi tuliokulia kambini Tanzania, na wewe baada ya miaka miwili tu ukawa unashuka mlima wa theluji umesimama juu ya ubao! Kanisani walisema umerukwa na akili. Mwanangu Jonas alitembea kifua mbele kwa sababu yako.

Halafu ile Jumamosi ya mwaka 2015, ulipotupeleka kwenye lile duka la Kenmore kumchagulia Jonas buti zake za kwanza za kutelezea. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alizikimbilia zile nyeusi, ngumu, kama zako. Ukamkalisha kwenye benchi.

"Wewe unateleza vipi?" ukamuuliza.

"Kwa kasi," akajibu kwa Kiingereza.

"Muongo. Wewe bado unajifunza, na unapenda kurukaruka kwenye vilima vidogo. Chagua buti kwa unavyoteleza, usichague kwa macho."

Ukamweleza kwamba buti laini huacha kifundo cha mguu kikunje, nazo humvumilia mtu akikosea. Ngumu ni za anayeshuka mlima mkali mbio. Humo ukiyumba kidogo tu, ubao nao umeshageuka. Ukamvua soksi ya pili, ukasema moja inatosha. Ukamsimamisha: vidole viguse ncha ya buti, akikunja magoti virudi nyuma kidogo. Ukapiga goti ukamshika kisigino.

"Kinainuka?"

"Hakiinuki, mjomba."

Nilikuwa pembeni nimewashikia makoti. Nikamshukuru Mungu kwamba mwanangu asiye na baba ana wewe.

Kilichofuata unakijua, lakini wanaosoma hawakijui. Baridi iliyofuata, Jonas alikusumbua siku nzima mlimani akitaka kujaribu buti zako, maana miguu yenu inalingana. Ulikataa, ukakataa tena, mwishoni ukachoka, mkabadilishana. Akapanda hadi kwenye mteremko wako mkali. Alipoyumba, ubao ukageuka naye, akaupiga mti kwa mgongo.

Daktari alipotuambia kwamba Jonas hatatembea tena, uliketi sakafuni pale koridoni.

"Dada, ni mimi. Nilijua, na bado nikampa."

"Nyamaza, Elia. Tuombe."

Tuliomba. Kisha ukasema unakwenda kuniletea chai, na hukurudi.

Nilisikia uko Columbus kwa Wakongo wenzetu tuliowahi kusali nao. Nikapanda basi, nikafika, wakaniambia umeshaondoka. Nikaendelea hadi Louisville, kule South End, nikaonyesha picha yako kwenye duka linalouza unga wa muhogo. Mwenye duka akaitazama sana. "Bon, huyu anatumikaka ku depo ile pale," akaniambia. "Anapitaka hapa, lakini hasemake na muntu."

Nikasimama kwenye geti la hiyo depo, ghala unakofanya kazi, hadi zamu ilipotoka. Uliniona, Elia. Najua uliniona kwa sababu miguu yako ilisita. Nikaita jina lako mbele ya watu wote. Ukapanda basi la mjini, ukakaa ukiwa umenipa kisogo, likaondoka nawe.

Mdogo wangu, nyumba hii inazama. Jonas hali chakula. Anayekuja kumnyoosha viungo, yeye humfukuza. Nashinda kazini nikiwainua wazee wa watu kitandani, narudi nyumbani kumwinua wangu, na mgongo wangu sasa unakataa. Wiki iliyopita nilipokuwa namhamisha kwenye kiti chake cha magurudumu, tulianguka pamoja. Sikuweza kumwinua. Tukalala sakafuni, yeye analia, mimi nalia, hadi jirani aliposikia.

Pale pale chini, yeye ambaye hunijibu kwa Kiingereza tu, akaniuliza kwa Kiswahili: "Mama, mjomba amekufa?"

Nikamwambia u mzima.

"Sasa kwa nini haji? Mwambie mimi ndiye niliyeng'ang'ania."

Nijibu nini? Kwamba mjomba wake alimwona mama yake getini akageuza uso?

Sikuiti uje kuomba msamaha. Hata siku moja sikukuhesabia kosa, na Mungu anajua. Nakuita kwa sababu tulipotoka kambini tulikuwa watatu, na sasa nimebaki na mtoto anayetaka kufa. Mimi peke yangu simwezi tena. Ukifika usibishe hodi, wala usitafute la kusema. Ingia tu, mshike upande mmoja, nami nimshike upande wa pili.

Njoo, Elia. Njoo angali anakuulizia.

Dada yako,
Mama Jonas