Site ya Chumba Kimoja

Tantine Kaswera,

Serveur imeanguka tena leo asubui. Nilisimama katikati ya bureau, nikapiga kelele, "Serveur imeanguka!", kisha nikaanza kucheka peke yangu mpaka benzangu bakaniuliza kama niko sawa. Niko sawa, Tantine. Nilikukumbuka wewe tu.

Siku moja nilikuambia ku telefone kama siwezi kutoka Butembo kuya kukuona Beni, juu serveur imeanguka. Kwako wewe, serveur ni ule kijana wa kupanga chupa mu nganda ya pombe. Haukuniuliza kitu. Yenga, siku ya kusali, ilipofika, ukasimama mbele ya kanisa yote ya Mulekera, ukasema, "Tumuombee serveur wa Palu, mutoto wetu. Anaanguka-anguka sana. Mi nafikiri ni kifafa." Na pasta akaomba! Batu bakaitika amina! Kesho yake serveur ikasimama, na wewe ukazunguka soko yote na beseni yako ya samaki, unatoa ushuhuda. Mi sikukuambiaka kama serveur yangu ni mashini tu, iko ku inchi ya bazungu, njo inatuchungiaka kazi yetu. Niliogopa kuharibu muujiza ya kanisa nzima.

Sasa mwaka imeisha tangu ulituacha. Nakuandikia juu ya ile ahadi. Unaijua.

Mais ngoja kwanza nikupe habari ya kazi, juu ulipendaka kuuliza, hata kama jibu haikukutosha. Nilianzia mu cyber, unakumbuka: kufagia asubui, kutoa bavirus mu baclé USB ya batu, kuandikia bawanafunzi CV. Pale njo nilijifunza kutengeneza site, kidogo kidogo, nikitazama namna bengine balifanya. Mukliya wangu wa kwanza alikuwa papa mumoja wa quincaillerie, duka ya misumari na kufuli. Nilipomaliza site yake akanyoosha mukono, akaniomba ufunguo. Nikamuandikia mot de passe, ile neno ya siri, ku karatasi, akaitoboa tundu, akaifunga pamoja na funguo za depot. Mpaka leo iko inaning'inia pale, kati ya kufuli mbili.

Leo tuko batu bane mu bureau, na batterie ya jua, na chai ya mukaratusi wakati bafua inatushika. Siku za ville morte, wakati mugini yote inafunga milango juu ya kulilia bale balichinjwa, tunabakia ku nyumba tunaandika code bila réseau, kisha napanda ku mulima na ordinateur mu mugongo, natafuta signal sawa mutu anatafuta mbuzi. Bakliya bote banataka rangi ya bleu. Sijue ni nani alibaloga na bleu. Mais napenda hii kazi, Tantine. Naipenda kabisa.

Na wewe ulifikiriaka nafanya kazi gani! Nilikuambia, "Tantine, niko najenga site kubwa." Ukauliza, "Batu ngapi batalala mule?" Juu mu Beni, site ni moja tu: pahali ya bale balikimbia vita, na mahema ya babâche na musururu wa maji. Kabla nieleze, telefone ikakatika. Kisha siku mbili, camion ikasimama mbele ya bureau, chauffeur akashusha gunia ya maharagi na blanketi mbili, akaniuliza batu ba kukula bako wapi. Tulikula ile maharagi batu bane mpaka tukachoka.

Nilipokueleza vizuri, kama site yangu ni pahali ya kuandika bitu, na mutu popote anaweza kubisoma, haukusikia hata haya. Ulisema, "Aah! Basi na mi unijengee yangu. Ya chumba kimoja tu, inatosha." Nikakuambia, kesho. Unajua kesho ya Palu.

Nilifikiri ni muzaha. Kumbe wewe ulikuwa na site tayari. Nyumba yako ya Mulekera iko na bichumba bibili, na kimoja ulikitoa kwa batu ba vita tangu zamani. Banafika na magodoro ku kichwa, banafika bila kitu, na wewe ku mulango haukusema karibu. Ulisema, "Uko wa nani?" Hata muzee wa imvi, unamuuliza jina ya mama yake! Kisha unachukua craie, unaandika ku ukuta: fulani, wa fulani. Akiondoka, unaongeza kwenye anaenda: kwa fulani, ku kijiji fulani. Donc mutu akikuya kumutafuta, ukuta inamujibu. Mi pia uliniandikaka pale, ku kona, nilipokuwa mudogo, mama yangu alipokufa na baba akaniacha kwako. Nilijaribuka kukuita mama. Ukanishika sikio. "Mama yako ni Katungu. Mi ni Tantine. Jina ya mutu hapana kuifuta."

Haukufa na panga, haukufa na risasi. Ulikufa na tension ya damu, ku kitanda yako, ukigombana na infirmier, ule wa kukupa dawa, juu ya chumvi. Namushukuru Mungu kwa ile. Mais barabara ilifungwa ile siku, na nilifika kesho yake, nikakuta udongo tu. Tantine, mi... Hapana. Tutaongea ile siku ingine.

Sasa sikia. Mwezi iliyopita, juu ya kuondoa matanga, Kavira binti yako alianza kupaka nyumba chokaa. Nilipoingia alikuwa amemaliza kuta tatu, na brosi iko inakaribia ile ya ine, ile ya majina. Nilipiga kelele mpaka akaangusha ndoo. Nikapiga ukuta picha, kipande kwa kipande, craie ya miaka yote. Nikamuambia Kavira, njo hii. Njo site yenye aliniomba.

Niliitengeneza haraka, na majivuno, sawa fundi. Niliingiza majina mazuri mazuri, nikaacha ile "wa fulani" yako na "kwa fulani" yako, juu niliona ni kelele, inachafua page. Na nikaambia mashini: jina ikirudia, ikatae, mutu huyu yuko tayari. Mi! Paluku, mutoto wa kabila ya Banande, nikasahau kama kwetu kila kijana wa pili kuzaliwa anaitwa Kambale! Ukirusha jiwe mu soko ya Beni unapiga ba Kambale batatu, na wa ine anakuuliza juu ya nini umemuacha.

Siku ya tatu mama mumoja akapiga telefone kutoka Kirumba. Anaitwa Masika, anauzishaka biazi. Bale ba pori, batu ba silaha, balipoingia mu kijiji yao, yeye alikimbilia huku, baba yake, muzee Kambale, alikimbilia kule. Mwaka na miezi munane hakumusikia. Aliambiwa ku kanisa kama kuko site ya Mulekera. Alifungua, akakuta Kambale mumoja tu. Nikaangalia kile kipande chake tu ku picha ya ukuta: ule Kambale alikuwa mutoto ya kunyonya. Masika akaniuliza, "Donc baba yangu hakupita pale?" Na mi nikasema, hapana, hakupita. Nilisema vile, Tantine. Nikakata.

Kavira alikuwa nyuma yangu, chokaa mu nywele. Akasema, "We mujinga. Ku ukuta ya mama kuko ba Kambale saba. Mashini yako imekula sita."

Nikarudi ku picha, nikahesabu. Saba, kweli. Na wa tano, chini ya dirisha, maandiko yako yanapanda juu sawa barabara ya mulima: "Kambale wa Kanyere. Muzee. Kwa Mbusa, Kyavinyonge." Mbusa, ule ule mwenye alikuleteaka samaki!

Nilimurudilia Masika ku telefone. Nikamuuliza, "Bibi yako, mama ya baba yako, aliitwaka nani?" Akasema Kanyere, na pale pale akaelewa swali inatoka wapi.

Tukamupigia Mbusa, Masika naye ku laini, na Mbusa akapeleka telefone yake ku ziwa. Ule muzee alikuwa pale, anachunga samaki ili paka asikule, tena alikasirika. Unajua alisema nini? "Nani alisema nimepotea? Mi niko hapa. Bao njo balipotea." Masika alikuwa analia na kucheka pamoja, Kavira naye, na mi nilitoka inje nikajifanya natafuta signal.

Ile juma nilibomoa site yote, nikaijenga upya namna yako. Haiulizi jina peke yake tena. Pahali ya kwanza imeandikwa: Uko wa nani? Pahali ya pili: Uko kwa nani? Ni vile tu, page moja, chumba kimoja. Ba Kambale saba bote bamerudi, na juzi tumepata wa munane. Kavira alipaka kuta tatu chokaa, ile ya ine tukaiacha. Tukaondoa matanga mbele yake, na bageni balikuwa banasoma majina na sahani mu mukono, banacheka, banaitana. Chakula haikutosha, ungefurahi sana.

Basi lala vizuri, Tantine, na usigombane na bale bako nawe juu ya chumvi. Wasingya, asante kwa maharagi, na kwa sikio. Mi nakuahidi hivi: kila jina yenye itafika ku mulango yako, nitaiandika na mama yake. Hakuna mutu atakataliwa juu mwenziwe alifika mbele. Na serveur ikianguka, nitaisimamisha. Na ikikataa, nitaita kanisa.

Kabla niifungulie batu ile site mupya, nilitaka kuona kama inatumika, donc nilijiandika mi mwenyewe kwanza. Iliniuliza bitu bibili, na sikudanganya. Hapana kufuta jina, ulisema. Nenda uangalie, niko pale ku kona, pahali yangu ya zamani:

Paluku, wa Katungu. Kwa Kaswera.