Stoo Haitoi Moshi

Jumatatu, 3 Machi

Leo kumezuka balaa. Mkaguzi wa majengo wa manispaa kaja – si kwetu, kwa jirani, kupima ukuta wake mpya. Mimi niko barazani na cherehani, nashona kola za sare za shule, najifanya sijamwona. Mara kasimama. Pua juu. Huo moshi unatoka wapi? Nikasema uani. Akaomba kuona. Ningemzuia vipi?

Uani pana chumba cha mama mkwe wangu. Kwenye kibali cha ujenzi kimeandikwa "stoo". Ndivyo alivyotushauri mjenzi: andikeni stoo, kibali kitatoka upesi. Kikatoka upesi kweli!

Bwana Futi (jina nimempa mwenyewe, futi haimtoki mkononi) akachungulia dirishani. Mama anakaanga vitunguu, hana habari. Akanigeukia, mpole kabisa, na upole wenyewe ndio ulionitisha.

"Mama, stoo haitoi moshi."

Anarudi Jumatatu ijayo.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu katoka manispaa, uso umemshuka. Wamemsomea sheria. Chumba cha uani kikiwa na jiko, ni nyumba. Nyumba ya pili lazima ikae mita tatu kutoka ukuta wa jirani. Yetu haifiki hata mbili. Kitanda hawajali, eti hata mlinzi hulala stoo. Shida ni jiko. Wakilikuta Jumatatu, tunavunja chumba wenyewe au wanakuja kuvunja wao, gharama juu yetu. Juu yangu, niseme – kiwanja ni urithi wangu kwa baba, kila karatasi inataka saini yangu.

"Basi tutoe jiko," akasema, kama vile anasema tutoe takataka. Wanaume! Kasahau jiko lilifikaje kule?

Mimi sijasahau. Mama alipofiwa na mumewe akahamia kwetu, tukawa tunapika jiko moja. Natia chumvi, nageuka, anatia tena. Napanga masufuria, anapangua. Siku ya mwisho tulirushiana maneno mpaka mapacha wangu wakala mkate mkavu, wanatutazama. Ndipo tukamjengea. Alipowasha jiko lake mwenyewe akaniita nionje. Chumvi tele! Nikasema tamu. Akacheka, nikacheka. Tangu siku ile tunapendana kweli, si kwa kuigiza. Nami sijui kama upendo huo utaishi kwenye jiko moja.

Alhamisi, 6 Machi

Mama hajaambiwa bado. Mimi na mume wangu tunatupiana mpira. Mimi: ni mama yako. Yeye: nyinyi wanawake mnaelewana. Leo ndiyo tunaelewana!

Jioni shemeji kapiga simu. Kasikia. Mama aje kwake, tatizo liishe. Kwake ni ghorofa ya nne, ngazi tupu, na magoti ya Mama yalivyo! Akipanda siku ya kwanza, kushuka kwake ni kwa kubebwa. Nikamsubiri mume wangu akatae. Akaguna tu.

Na mimi – Mungu anisamehe – kwa sekunde moja niliona afueni. Uani mtupu, jiko langu peke yangu. Sekunde moja tu. Nimekata kola mbili kombo, na bado najiona mbaya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepiga moyo konde, nimemwambia. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo ni jiko tu?"

Jiko tu, Mama.

"Na wajukuu wakitoka shule, nitawapa nini?"

Nikasema watakula ndani, na yeye atakula nasi, chakula hatakosa. Akaniangalia.

"Mwanangu, sijasema nitakosa chakula."

Nikachukua kisu, nikamenya naye viazi vilivyobaki.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka, hakuna harufu ya moshi. Nikatoka mbio. Jiko halipo! Mama kamwamsha mwanawe alfajiri, wamelipeleka kwa fundi vyuma. Bomba la moshi limeng'olewa, tundu limezibwa. Yeye mwenyewe kapanda kigoda, na magoti yale, anapaka chokaa penye masizi. Nikamwambia shuka, utaanguka! Eti niache kelele, nilete marobota yangu ya vitambaa. Tukayapanga mpaka dirishani. Stoo lazima ifanane na stoo, akasema. Nguo zake kaziweka chini kabisa, zisionekane.

Mchana nikapika ndani. Akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Naweza kuingia?"

Nikamwachia kopo la chumvi wazi, karibu na mkono wake, makusudi. Nikageuka nyuma, nikakaa hivyo muda mrefu. Hakuligusa. Chakula kimepooza, pacha mmoja kauliza kwa nini Bibi hasemi.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika mbiombio hapa kwenye cherehani. Kaja. Yuko nje.

Mama alikuwa kakaa juu ya robota. Wakasalimiana vizuri, shikamoo, marahaba. Bwana Futi akazunguka. Akagusa ukuta – kidole cheupe! Chokaa haijakauka. Akajifuta kwa leso. Akamuuliza Mama anapikia wapi.

"Sipiki, mwanangu. Nimewekwa humu tu, na vitu vingine."

Kasema bila lawama, ndiyo maana inauma. Mume wangu akaangalia viatu vyake. Bwana Futi naye akaangalia vyake.

Akatuita pembeni. Njia ni mbili. Nisaini kwamba ni stoo, leo hii faili lifungwe, jiko lisirudi tena kamwe. Au nisaini kwamba ni nyumba, niombe wanisamehe mita zinazopungua. Jirani akikubali na kamati ikikubali, Mama anapika kihalali. Wakikataa, chumba kinavunjwa, maana nitakuwa nimekiri mwenyewe. Nikauliza, huwa wanakubali? Mara nyingine, akasema. Mara nyingine!

Kaenda kwenye gari kuchukua karatasi zote mbili. Mume wangu ananong'ona saini stoo, yaishe, tulale usingizi.

Nimemwomba Mama amchemshie mgeni chai. Yuko jikoni kwangu, namsikia anafungua makabati taratibu, kama yuko nyumba ya watu. Sasa ananiita.

"Mwanangu, sukari nitie kiasi gani?"

Mama huyu! Kuuliza kiasi!

Mlango wa gari umebamizwa. Anakuja. Mume wangu kanyoosha mkono anataka kalamu, eti anishikie. Simpi, stoo sisaini –