Kwa Mwalimu Félicien, Aliyewarudisha Watoto Bogoro

Mwaka umetimia, Papa Félicien, tangu ulipotoka nyumbani kwetu mtaa wa Rwambuzi, hapa Bunia, siku ya Jumamosi, na hukurudi. Tunakuandikia tukiwa na hofu ile ile ya siku ile. Haijapungua, na hatutaki kuwadanganya watu kwamba imepungua.

Kazi yako wanaijua wengi. Ulikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule ya kanisa, na uliwabembeleza wakubwa wa shule miaka miwili mpaka wakakubali wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita wasome kozi za chuo kikuu kabla ya kumaliza sekondari. Jumamosi asubuhi ulisali nao, ukafuta ubao kwa mkono wa shati, ukaanza. Ulisema hesabu ngumu nazo ni namna ya kumsifu Mungu. Mwanetu Emery akakujibu kwamba basi Mungu anasifiwa kwa maumivu ya kichwa, na wewe ukacheka kuliko sisi sote.

Watano kati yao walitoka kijiji cha Bogoro. Wiki nzima walikaa kwa ndugu zao hapa Bunia, na zamani walirudi kwao Ijumaa pamoja na wenzao wengi. Kozi yako ikawabakiza mpaka Jumamosi, na wazazi wakaiogopa ile njia yenye watu wa bunduki. Ukasimama kanisani ukawaahidi kwamba utawafikisha wewe mwenyewe, kila mmoja mlangoni kwao. Ulikwenda nao kwa gari, ukarudi kwa pikipiki.

Watu walisema huna woga. Mimi Léontine, mke wako, ndiye niliyefua mashati yako ya Jumamosi, na yalikuwa yamelowa jasho hata siku za baridi. Uliogopa sana, Papa, na ulikwenda.

Mkifika Bogoro ulinibipu. Simu iliita mara moja, sikupokea, nikajua watoto wamefika. Nilikuomba unibipu tena ukiingia mjini. Ukakataa kwa upole: “Ku kurudi niko miye peke yangu, Mama Domi. Haina neno.”

Maneno hayo yananikasirisha mpaka leo, unisamehe. Siku ile bipu ilikuja. Nikamshukuru Mungu, nikabandika maharagwe. Wewe ukapigwa risasi njiani ukirudi, na hatujui ni nani aliyekupiga.

Shule ilitaka kuifunga kozi. Jumamosi ya tatu baada ya mazishi, wanafunzi kumi na mmoja walikuja wakasimama uani kwetu na madaftari yao. Domitille, binti yetu mkubwa, yule uliyemsomesha hesabu mpaka akamaliza chuo kikuu, akaja jikoni.

“Mama, batoto banangoya. Chapitre ya Papa, ile sura ya hesabu, ilibakia katikati.”

“Na ba Bogoro, nani atabarudisha?”

Alichukua simu yako, ile tuliyorudishiwa na nguo zako, akaitia kwenye mkoba.

Nilimkatalia. Nililia, nikamwambia nimekwisha kumtoa mmoja, sina wa pili. Akakaa nami mpaka nikamaliza kulia, kisha akasema uliahidi mbele ya kanisa na wazazi wale bado wanakuamini. Mwishowe nikampa sharti moja: bipu mbili, ya kufika na ya kurudi.

Mwezi wa saba wanane walifaulu mtihani wa chuo kikuu. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wako Ushindi, wa Bogoro, yule uliyesema anaandika kama kuku anachakura. Laiti ungemwona mama yake alivyokaa chini barabarani akicheka. Tulifurahi siku ile, na jina lako lilitajwa sana.

Lakini mwaka mpya wa masomo umeanza na wanafunzi wapya, na mimi naogopa. Kila Jumamosi simu inaita mara moja, jina lako linatokea, maana Domitille ananibipu kwa simu yako. Sipokei, maana ndivyo ulivyonizoesha. Kisha naanza kusubiri ya pili, na siwezi kupika wala kusali. Emery anakaa karibu nami, anajifanya anasoma.

Leo ni Jumamosi. Ya kwanza imekuja.

Tunaokukumbuka: mke wako Léontine, mwanao Emery, mama yako mzazi Adeline, wanafunzi wako wote wa Bunia na wa Bogoro, na binti yako Domitille, ambaye bado yuko njiani.

Hatutakusahau, Papa, hata siku moja.