Kamati ya Kutuaga

Jumanne, 4 Novemba

Nimerudi kazini miguu inawaka moto. Yule bibi wa ghorofa ya pili pale nyumba ya wazee amenirushia uji tena. Nimembadilisha nguo, nimemchana nywele, nikaja zangu na basi. Baba Baraka yuko mezani na simu. Picha za nyumba tena. Hata pole ya kazi hakunipa, kaninyooshea simu tu: jiko, sebule, gereji ya magari mawili, na nyuma ya uzio hakuna kitu. Vumbi na vichaka vikavu mpaka macho yanapoishia.

Sikujua Kanada ina jangwa. Kumbe lipo, huko British Columbia, juu kwenye nyanda kavu nyuma ya milima. Mdogo wake Elia anaishi huko, kwenye mtaa mpya wa nyumba zinazofanana, hata mwenyewe akirudi amelewa hataijua yake. Kampuni ya malori anayofanyia kazi Baba Baraka ina kituo karibu na hapo. Watamhamisha akitaka. Jibu mwisho wa mwezi.

Nimesema nitafikiri. Uongo. Sina cha kufikiri. Mtoto wetu amezikwa hapa Toronto, hajatimiza hata miaka miwili ardhini. Siendi popote.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo sifa za jangwa zimeendelea wakati wa chakula. Jua hata wakati wa baridi. Hewa kavu. Kimya. Nikamuuliza, kimya cha nini, humu ndani nani anapiga kelele? Akainamisha kichwa kwenye sahani.

Jumapili, 9 Novemba

Mungu wangu, huyu mwanamume.

Ibada yetu ya Kiswahili, kwenye ule ukumbi wa chini tunaoazima. Muda wa mahitaji ya maombi, Baba Baraka akasimama. Tangu msiba hajawahi kusimama. Akasema, mtuombee, tunafikiria kuhama. Tunafikiria. Nimelisikia hilo neno kwa masikio yangu mwenyewe. Watu wakasikia tunahama.

Chai haijaisha, kamati imeundwa. Mwenyekiti Mama Nuru, nani mwingine. Yupo wa keki, yupo wa pilau, MC ni kijana mmoja Mkenya mwenye maneno. Sisi Watanzania tupe msiba, tupe harusi, tupe hata mafua, tutaunda kamati. Nikamvuta Mama Nuru pembeni nikamwambia bado hatujaamua. Akanishika mashavu. "Usijali Mama Baraka, najua unaona aibu kutusumbua. Tuachie sisi."

Ningemfokea vipi? Ni kamati hiyohiyo iliyomzika Baraka. Walilala sebuleni kwangu wiki nzima, wakanilisha kwa kijiko.

Jumatatu, 10 Novemba

Asubuhi nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp: KUAGA FAMILIA YA BABA BARAKA. Nikawahi kusoma ujumbe mmoja, sare iwe zambarau au kijani. Papo hapo nikatolewa. Mama Nuru akapiga simu mbio mbio. Samahani dada, ni sapraizi hiyo, jifanye hujaona.

Nimejifanya. Familia, wameandika. Watu wawili wasiotazamana.

Jumamosi, 15 Novemba

Makaburini. Mabasi mawili halafu mguu. Upepo wa leo unakata. Nimelifuta jiwe kwa glavu, nikang'oa nyasi, nikampa habari. Nikamwambia baba yako anataka kwenda kukaa jangwani kama mbuzi. Namsemesha Kiswahili. Angekuwepo angenijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu, nami ningemfokea.

Miaka kumi na saba. Alitoka kwenda plaza kununua chipsi, gari likamgonga pale pale kwenye taa za makutano, tulipokuwa tukivuka wote kila siku.

Baba Baraka hajakanyaga makaburini tangu siku ya kuzika. Nilimbembeleza mwanzoni, nikaacha. Yeye alizika akamaliza. Jumamosi namchukia. Namchukia kabisa, mpaka vidole vinauma. Jumapili huwa inapungua.

Jumatano, 19 Novemba

Tumegombana na sijui kama hili litapona.

Alitaka jibu. Nikamwambia siwezi kumwacha mwanangu peke yake kwenye ardhi ya barafu. Akaweka kijiko chini. Akasema, angekuwa Same, kwa babu zake, leo tusingekuwa na mazungumzo haya. "Wewe ndiye uliyekataa tumpeleke nyumbani."

Ni kweli. Nilikataa. Baraka amezaliwa hapa. Same alifika mara moja tu, akaharisha likizo nzima. Nani angemtembelea huko? Nilitaka awe mahali ninapoweza kufika na basi. Ukoo wote ukaja juu, mtoto wao katupwa kwenye theluji kama asiye na kwao. Baba mkwe hapokei simu ya mwanawe mpaka leo. Na Baba Baraka alisimama na mimi. Alilibeba hilo lote, hajawahi kunitupia. Leo katupa.

Nimevunja sahani. Haikuniponyoka, nimeivunja. Kisha nimefagia.

Ijumaa, 21 Novemba

Hatusemeshani. Naweka chakula, anakula. Mama Nuru ameleta gauni. Zambarau ndiyo iliyoshinda. Limenikaa vizuri, na hilo ndilo lililoniliza.

Jumapili, 23 Novemba

Wametuaga.

Nilikwenda. Nimejiuliza siku nzima kwa nini nilikwenda. Sare ilishashonwa, pilau ilishapikwa, ningeanzia wapi? Wametuingiza ukumbini kwa kucheza, wametukalisha mbele kwenye viti viwili vyenye maua kama maharusi. Keki imechorwa mchanga na mti wa miiba. Tukaambiwa tulishane. Tukalishana. Hatujasemezana tangu Jumatano, na namtia mume wangu keki mdomoni huku watu wanapiga vigelegele.

Zawadi: mabegi mawili makubwa ya safari, yenye magurudumu.

Nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimejipanga. Ndugu zangu, mimi siondoki. Maneno manne tu. Nikamwona Mama Nuru analia kwa furaha na uchungu, nikasema asanteni, Mungu awabariki. Mwoga mkubwa mimi.

Halafu akapewa yeye. Akasimama. Akasema, "Tunamwacha Baraka mikononi mwenu." Basi. Akakaa.

Sijamsikia akilitaja hilo jina tangu kaburini. Ukumbi ukalipuka kwa kilio. Na Mama Nuru, hata machozi hajafuta, akanyakua kipaza sauti: tupange zamu. Kila Jumamosi nyumba moja iende makaburini. Nani anaanza? Mikono juu. Pilau haijapoa, mwanangu ameshagawiwa mpaka Pasaka. Wengine wanagombea tarehe. Kwa upendo mtupu. Hakuna aliyeniuliza.

Nilienda chooni nikauma skafu nisipige ukunga.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimemuuliza leo. Kwa upole, sina nguvu za kingine. Nikamwambia niondolee habari za jua na hewa kavu, niambie ukweli, jangwani unafuata nini.

Alikuwa anaosha kikombe. Akakiosha, akakiosha. Akasema hapa kila mtu anamwita Baba Baraka. Kanisani. Kwenye simu. Dukani kwa Msomali. Hata mimi namwita hivyo asubuhi, hajafumbua macho. "Kila anayeniita ananizikisha tena." Akasema kwa Elia yeye ni Joeli tu. Hakuna jirani anayejua kwamba aliwahi kuwa baba wa mtu. Anataka akae mahali ambapo hakuna anayejua.

Na mimi hilo jina ndilo linaloniweka hai. Kazini wananiita Stella, kama kwenye beji, na shifti nzima ninasubiri nitoke nikutane na mtu aniite Mama Baraka. Akiniita, kwa nukta moja mtoto yuko chumbani kwake na mlango umefungwa. Kinachomuua mwenzangu ndicho ninachoishi nacho. Tutakaaje nyumba moja?

Nilidhani hana uchungu. Nimemdhania hivyo siku zote hizi.

Jioni nikajaribu. Nikaita, Joeli, njoo ule. Sauti ilinitoka kama namwita fundi bomba. Akaja. Hatukutazamana.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimemwambia nenda. Mimi nabaki. Nilitegemea abishane, anibembeleze, hata anitukane. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza mpaka lini. Nikasema sijui. Akaenda chumbani kuipigia kampuni simu ya kukubali.

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 29 Novemba

Amenipeleka makaburini kwa gari. Kajitolea mwenyewe. Alizunguka mbali sana, karibu tufike Markham, mji mwingine kabisa. Nikataka kumuuliza, ndipo nikaelewa. Hapiti kwenye zile taa. Siku zote hizi amekuwa akizunguka, kwenda na kurudi, na mimi namlalamikia kuchelewa.

Getini akazima gari. Akasema tangulia, nakuja. Nikatangulia. Nikasimama pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Hakuja. Nikarudi nikamkuta vilevile, mikono kwenye usukani, vioo vimejaa ukungu. Nilimshika goti mpaka nyumbani.

Kaburini kulikuwa na maua. Wa zamu ya kwanza alishapita. Nilitaka kuyatupa. Nimeyaacha.

Jumatatu, 1 Desemba

Ameondoka alfajiri. Kachukua begi moja, jingine liko koridoni. Nimekwenda kazini.

Jumatano, 3 Desemba

Nimepika ugali wa watu wawili. Mjinga mimi. Nimeula wote.

Jumapili, 7 Desemba

Nimekwenda ibadani. Waliniangalia kama mzuka. Hujaondoka? Umesahau nini? Nafasi yangu kwenye kwaya imeshapata mtu, msichana mzuri tu, sauti kunishinda. Nikakaa nyuma, karibu na makoti.

Mama Nuru akanitoa nje kwenye ngazi, amefura. Mbona hukusema? Tumeaga mtu mmoja? Nikamwambia nilisema, Mama Nuru, siku ile kwenye chai, ukanishika mashavu. Akavua skafu yake akanifunga shingoni, maana nilitoka bila koti.

Akauliza zile zamu za makaburini azifute. Nikasema afute. Kabla hajafika mlangoni nikamwambia aache.

Jumatano, 10 Desemba

Sina hamu ya kitu. Nalala na taa ya koridoni. Hajapiga simu tangu Jumamosi.

Jumapili, 14 Desemba

Theluji tangu asubuhi. Sikwenda ibadani. Nimepika maharage.

Joeli amepiga mchana. Kazi nzuri, barabara nzuri, Elia anasalimia. Hewa kavu mpaka pua inatoka damu. Nikadhani simu imekatika, nikaita mara mbili.

Akasema kuna jirani, mzee wa Kizungu, mtu mwema. Ijumaa walikutana kwenye uzio. Mzee akamuuliza una watoto? Akajibu hapana.

Akasema lilitoka kirahisi tu. Mzee akahamia kwenye habari za mbwa wake. Yeye akaingia ndani, akakaa kwenye sakafu ya gereji, na tangu Ijumaa chakula hakipiti. "Nimemkana," akasema. "Nimemkana mwanangu kwa mtu nisiyemjua hata jina." Na hapo akalia. Siku ya kuzika hakulia hivyo. Nilikuwa nimesimama jikoni, maharage yanaungua, na sikuweza hata kuzima jiko.

Nilikuwa nayo maneno ya kumwambia. Makali, nimeyatunza muda mrefu. Sikutaka hata moja. Nikamwacha alie mpaka akachoka.

Nikamwambia kesho ukimwona yule mzee, mwambie ulikosea. Mwambie unaye mmoja.

Akauliza, na akiniuliza yuko wapi?

Nikamwambia, sema yuko Toronto, na mama yake.

Akasema sawa. Hakuniuliza nitakwenda lini, nami sikumwambia. Tukazungumza kidogo kuhusu theluji, kisha nikaenda kusugua sufuria.